Kidole Kimoja Nje ya Uzi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu kaka zangu wamesema sauti zitawakatika, nami nasoma kwa hofu, maana kuna sehemu ambayo hata wao hawajaisikia.

Baba yetu, fundi mwashi mliyemzoea kwa jina la Timazi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akaacha masomo mzee wake alipovunjika mkono, akaanza kuchanganya zege. Alipata cheti cha ufundi mwaka 1977, akajenga zahanati, maghala na nusu ya nyumba za mtaa huu, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuamini macho ya mtu, aliamini uzi na kile kipande cha shaba kinachoning'inia mwisho wake, hata alipokwenda kuposa inasemekana aliukosoa ukuta wa wakwe kabla hajamaliza kusalimia. Mama alimkubali hivyo hivyo, wakafunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mgongo ulianza kumsumbua mwaka 2014, miguu ikifa ganzi, na tarehe 14 Machi 2017 alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za chini za uti wa mgongo, akawekewa vyuma viwili na skrubu sita. Daktari alitueleza kuwa wengi hupona vizuri, ila kwa wachache mifupa hukataa kuungana, skrubu zikalegea, au vijidudu vikaingia, kwa hiyo tukiona badiliko lolote tuwahi. Baba alielewa kuliko sisi, akasema vyuma ni mbao za kushikilia zege tu, zege lisiposhika, mbao hazina ujanja.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi alisimama kwenye mlango wa stoo, nami nikaning'iniza timazi kutoka kisogoni mwake, nikitazama kama uzi unapita katikati ya mgongo, na kwa mwaka mzima nilimwambia amenyooka, na ilikuwa kweli. Jumamosi ya tarehe 9 Juni 2018 uzi ulikuwa nje kwa upana wa kidole kimoja, nikasema amenyooka. Niliogopa kumrudisha kwenye kisu, na kwa wiki sita nilisema hivyo hivyo, kila akiinama kuokota kitu namwahi kukiokota mimi, naye kila nikimpima akijibu asante, mama, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarehe 24 Julai homa ilimpanda, picha zikaonyesha skrubu mbili zimelegea na usaha umezunguka vyuma, tarehe 27 akapasuliwa tena, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, akafariki tarehe 6 Agosti, saa nne asubuhi. Nilimuuliza daktari kama wiki sita zile zingemwokoa, akasema hawezi kuapa, ila wangekuwa na nafasi zaidi.

Juzi, nikitafuta shati la kumvika, nilikuta nyuma ya mlango wa stoo maandishi ya penseli yake, tarehe za Jumapili sita, siku ambazo sisi tulikuwa tumetoka, yeye akabaki akijipima kwa kioo cha kabati, na kando ya tarehe vipimo, kidole kimoja, kidole kimoja na nusu, hadi vidole viwili. Kumbe alijua, na alijua kuwa mimi najua, akaninyamazia nisiogope, nami nikamnyamazia asiogope. Mama, kaka zangu, nisameheni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutuficha neno, majirani waliofua shuka na kukaa na mama, na mafundi wenzake waliosimamisha kazi siku tatu. Jana mafundi hao walipojenga kaburi waliomba timazi yake, nikaushika uzi mimi, ukuta wa kushoto ulikuwa nje kwa upana wa kidole, nikasema kwa sauti, wakanitazama, wakabomoa, wakajenga upya.

Lala kwa amani, baba, umenyooka, na safari hii ni kweli.