Kitambaa cha Xavérine

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Xavérine lilikuwa kupangusa meza. Jumanne moja ya Machi 1992 alimaliza, akakikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya kabati, akasema kichwa kinamgonga. Ijumaa malaria ilikuwa imemuua. Miezi miwili baadaye mumewe, Libère, aliyesomea misitu chuoni Butare na aliyejua jina la Kilatini la kila mti unaopandwa Kigali, aliona meza yao ya libuyu, mbao ngumu ya Kongo, imepauka, na sebule haina tena ile harufu iliyokuwa ikimpokea mlangoni. Chupa ya mafuta ambayo mkewe alikuwa akiipaka meza hakuiona popote. Alasiri hiyo akashuka Rwezamenyo, kwenye benchi lililo mbele ya cherehani ya Makasi, pale Maneno anapouza kahawa ya tangawizi, akakitoa kitambaa ndani ya bahasha.

— Profeseri, leo umetuletea barua? aliuliza Maneno.

— Nusa. Uniambie ni mafuta gani.

Maneno alinusa, macho kayafumba.

— Hii iko samli. Samli ya ng'ombe, kabisa.

— Wapi! alisema Dizeli, dereva wa lori. Samli ingeita mende wa mtaa mzima. Leta hapa. Unaona? Iko oili ya injini, ile safi, na mafuta ya taa kidogo. Mimi kabati yangu napakaga hiyo.

— Kabati yako inanuka gereji, sha, alisema Makasi. Bibi yako mwenyewe anasemaga. Hii ni nta ya nyuki.

— Nta haina utamu hivi, alisema Maneno. Bibi ya Profeseri aliimba kwaya, ndiyo? Basi padri alimpa mafuta ya altare.

— Apanguse meza na mafuta ya altare? Wewe Mwislamu, ya kanisa unayajua wapi? Mimi nasema kiboko, alisema Dizeli.

— Kiboko!

— Mafuta ya kiboko ya Akagera. Mnyama anakaa ndani ya maji mwaka mzima. Ulishaona ngozi yake imepasuka? Ubao nao ni vile vile.

Benchi zima liliangua kicheko. Libère naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaona kitambaa kinavyozunguka: vidole vyenye grisi, vyenye chaki ya kukatia nguo, vyenye kahawa. Aliunyosha mkono, wakamrudishia. Alikinusa yeye mwenyewe.

Tangawizi ya kahawa tu.

Alikinusa tena upande wa pili, polepole. Wote walimwona.

— Utusamehe, Profeseri, alisema Maneno.

Mukarugwiza, mfanyakazi wa ndani huko Kiyovu, alikuwa amesimama kando akingoja sketi yake ishonwe. Hakuwa mtu wa benchi hilo, na hakujua nani kafiwa.

— Samahani wazee. Mkishapata hayo mafuta, hiyo meza atapangusa nani?

Mguu wa Makasi ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Dizeli aligeukia barabara. Libère alikuwa amekula juu ya meza ile miaka kumi na mmoja, ameandikia ripoti zake zote pale. Alitafuta kichwani siku moja, hata moja, aliyokishika kitambaa hicho kupangusa. Maneno aliinamisha birika amwongezee kahawa. Yakatoka machicha tu.

Asubuhi yake Libère aliamka kabla ya jua. Hakuwa na mafuta. Alipangusa meza kwa kitambaa kikavu, akifuata mistari ya mbao, kisha miguu ya meza, mmoja mmoja. Alipoinama kumalizia, mkono ukapita upande wa chini, pale Xavérine alipokuwa akikaa. Kumbe hata huko alikuwa akipaka. Ubao ulikuwa laini, bado una mafuta.

Alinusa vidole vyake. Bado hakujua ni mafuta gani. Alibaki amepiga magoti chini ya meza, na saa mbili, saa ya kazi, ikampita humo.