Aliyeondoka Bila Kuketi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Zakhar funga huo mlango wa jikoni, maana najua ni nani umemketisha huko ukamwekea chai, na sitaki asikie sauti yangu kabla sijaamua kama nitamwona au sitamwona. Usinitolee macho. Miguu imekufa, lakini masikio bado ninayo, na mtu niliyecheza naye bega kwa bega tangu utotoni siwezi kushindwa kukijua kikohozi chake. Huyo ni Yefim Lukich, karudi kutoka Kanada, na ninyi wawili mnataka nimwite hapa kitandani tukumbatiane, kisha nife kwa amani. Tutaona. Kwanza nisikilizeni mimi, kwa sababu daktari amesema wiki moja, na madaktari wa mji huu wakisema wiki wana maana ya kesho.

Siogopi. Nawaambia mapema msije mkajisumbua kunifariji. Nilidhani siku hii ikifika nitalia, au angalau nitaomba, kumbe nimelala tu kama goti lililopigwa sindano ya ganzi kabla ya mechi: unaliona limevimba, unajua kuna kitu kimekatika ndani, lakini habari zake hazikufikii. Mama yenu Zinaida alipokufa ilikuwa hivi hivi, nilikula uji wangu nikaosha bakuli, na majirani wakasema Rodion hana moyo. Waache waseme, kinywa cha mtu hakina kufuli.

Sasa mali. Nyumba hii ni ya Ulyana, kwa kuwa ndiye aliyenibadilishia shuka. Nyumba ya shambani, pamoja na viazi na ile bafu ya mvuke, ni ya Zakhar, na paa la bafu linavuja upande wa mtoni, liwahi kabla theluji haijaanza. Medali ya ubingwa wa hoki ya barafuni msigombanie, medali haikatwi vipande kama mkate. Ipelekeni shule ya watoto pale uwanjani, na wakiitumia kuzuilia mlango usigongwe na upepo, shauri yao. Na yule bwana wa klabu aliyekuja na maua, anayetaka jeneza langu liwekwe katikati ya uwanja mkubwa ili watu wapite wakiniaga, mwambieni hapana. Nimelala juu ya barafu ile mara nyingi za kutosha.

Nilikoanzia mnakujua, ila mtanisikiliza tena, maana anayekufa hakatizwi. Nilianzia hapo chini, uwanjani kwenye ua wa nyumba hii hii, ambako baba zetu wakitoka zamu kiwandani, baridi ya kwanza ikishika, walivuta mpira wa maji dirishani wakamwagilia ardhi tabaka kwa tabaka mpaka ikawa barafu. Hapo ndipo Gordeyich, kocha wa timu ya kiwanda, alipotukuta mimi na Yefim wa mlango wa tatu tunapigana kwa sababu ya bao moja. Akavuta sigara yake, akatutazama, akasema, "Huyu mrefu hajui kuteleza, na huyu mfupi hajui kuogopa. Nitawachukua wote wawili, labda nitapata beki mmoja." Tukacheka kama wajinga. Hatukujua kwamba kuanzia siku hiyo maisha yetu ni mali yake.

Alitufungia kambini msituni tangu majani ya kwanza kuanguka mpaka barafu ya mto kupasuka. Zakhar, ulizaliwa mimi nikiwa huko, na najua umelibeba hilo kifuani siku zote, hata leo unanyoa ndevu ukiwa nalo. Mpishi alipiga kelele dirishani, "Rodion, una dume!" na kabla sijafungua kinywa Gordeyich akajibu kwa niaba yangu, "Dume atamwona Jumapili, tukishinda." Tulishinda. Ndivyo tulivyoishi, mwanangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi tulivua nguo tungali watoto.

Kambini mle wenzangu walikuwa wengi, ila mtu wangu alikuwa mmoja, Yefim. Yeye beki wa kushoto, mimi wa kulia. Mwaka mmoja nilivunjika vidole viwili nikashindwa kuzungusha utepe kwenye gongo langu la hoki, Yefim akalichukua akanifungia kwa mtindo wake, kuanzia nchani, kwa mkono wa kushoto, nami nikajaribu kulifunga lake kwa meno, na siku ile tukawafunga watu wa Moskva kwao. Basi, ikawa desturi. Wachezaji wa barafuni ni washirikina kuliko vikongwe wa kanisani, kwa hiyo hata vidole vilipopona hatukuthubutu kuacha: kabla ya kila mechi yeye alilifunga langu, mimi nalifunga lake, na Gordeyich akipita anatukejeli, "Tazameni wake wenza wanasukana!" Na ilikuwepo ishara nyingine ambayo kila mchezaji wa hapa anaijua: mabeki wawili wakikosana kabisa, mmoja humrudishia mwenzake gongo mlangoni, bila neno, na kocha akiliona anajua kazi imekwisha, atafute jozi nyingine.

Ulyana, nipe maji. Kidogo. Basi, inatosha.

Kisha nchi ikavunjika. Kiwanda kikawa kinatulipa kwa sufuria, mama yenu akawa na sufuria nyingi na hana cha kupika. Watu wa Kanada wakaja, wakamtaka Yefim. Mimi hawakunitaka, goti langu lilikuwa limepasuliwa juzi yake na nilikuwa nimelala chumba hiki hiki. Sikumwonea wivu, naapa, nilimwambia nenda. Lakini kwetu mtu haendi safari bila kuketi. Hata akienda kwa shangazi yake mji wa pili, mizigo ikishafika mlangoni nyumba nzima huketi, hunyamaza kidogo, kisha msafiri ananyanyuka kwanza na ndipo wengine wanyanyuke. Na huyu alikuwa anavuka bahari! Nilimvalia shati safi. Nilimwekea kiti hapo ulipo wewe, Zakhar. Hakuja. Asubuhi Zinaida akafungua mlango akakuta gongo langu, lililokuwa limebaki kambini, limeegemezwa ukutani, limeviringishwa gazeti. Nikaelewa. Nikamwambia litupe huko kwenye roshani, sitaki kulitia machoni, na tangu siku hiyo jina la mtu huyo halikutajwa kwenye meza yetu, na kila alipopiga simu niliikata.

Nilirudi uwanjani, ndiyo. Nilicheza misimu mingine, nikapewa vijana hodari kucheza nao, na magazeti yakaniita ukuta. Lakini nilikuwa beki wa kulia ambaye kushoto kwake hakuna mtu. Pengine ganzi hii ilinianza wakati ule, nikaizoea.

Ni leo asubuhi, wakati ananikanda mgongo, Ulyana ameniambia habari ambayo ameipata kwa huyo bwana jikoni. Kwamba alikuja. Kwamba aligonga kwa ukucha, akaogopa kumwamsha mgonjwa aliyepasuliwa, akaketi peke yake kwenye ngazi nje ya mlango wetu mpaka gari likampigia honi. "Aliketi, baba," ukaniambia wewe, Ulyana, huku unalia. Mimi nikasema maneno ni matamu, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayerejea mzee lazima aje na hadithi nzuri. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Kwa hiyo, Zakhar, nenda kwenye roshani. Nyuma ya mitungi ya kabichi, chini ya kile kitoroli chako cha theluji cha utotoni. Nenda, usiniulize.

Umelipata? Hilo hilo. Na gazeti lake, hata mama yenu hakulifungua, nilimkataza. Lichane. Niwekee mkononi... hapana, haina faida, vidole vyangu havisikii kitu. Nitazamie wewe. Liko tupu, au lina utepe?

Lina utepe.

Tazama vizuri, wewe umecheza kidogo ingawa ulicheza vibaya. Utepe umeanzia wapi, nchani au kisiginoni? Nchani. Na umezunguka kwa mkono wa kushoto? Umebanwa, haujalegea hata mahali pamoja?

Basi.

Mtu anayerudisha gongo kwa ugomvi, wanangu, halifungi utepe. Utepe hufungwa kwa ajili ya mechi inayokuja. Alijua goti litapona, alijua nitaingia uwanjani bila yeye, akanitayarishia. Nami nikaliacha na kabichi.

Sisemi nilikosea. Msije mkamwambia nimelia, sikulia, tazameni, macho makavu. Sisikii kitu, Ulyana.

Sikilizeni, pumzi inakatika, niseme haraka. Mkigombana ninyi wawili, na mtagombana, gombaneni kwa mdomo. Tukaneni, vunjeni sahani. Wagombanao ndio wapatanao, lakini wanaopatana ni wale wanaosemezana. Msiwekeane kitu mlangoni mkaondoka. Na aliyewekewa kitu mlangoni, akifungue, hata kama mkono unakataa.

Gongo hili mnizike nalo. Utepe msiubandue. Majira ya baridi yakija... Zakhar, mwagilia uwanja wa hapo chini. Tabaka nyembamba, maji ya moto, usiwe na haraka. Watoto wasije wakakosa barafu kwa sababu nimekufa mimi.

Mungu awalinde, wewe na wewe. Awape mtu wa kushoto na wa kulia. Nimewasamehe, kama kulikuwa na jambo... silikumbuki. Njoo, Ulyana, nikubusu paji la uso. Na wewe, dume langu. Nilikuona Jumapili. Ulikuwa mwekundu... na umekunja ngumi.

Sasa mfungulieni huyo. Mwambieni asiseme lolote, asianze kunielezea, nimekwisha kuelezwa. Mleteeni kiti... si upande huo. Kushoto. Kushoto kwangu, nafasi yake ni hiyo.

Yefim. Umezeeka vibaya, ndugu yangu. Keti.

Na ninyi ketini. Wote. Leo mwenye safari ni mimi... tuketi kama inavyotakiwa. Nyamazeni kidogo. Msafiri ndiye... anayenyanyuka kwanza.