Makopo ya Maziwa Mlangoni kwa Nola

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Mulgarra, na kila asubuhi tunalikalia wazee wa kunyoa kondoo: mimi, Singa, ambaye hana hata unywele mmoja, na Mwendokasi, ambaye enzi zake alinyoa kondoo mmoja wenzake wakamaliza wanne. Huku majina tunapeana kinyume. Wa nne wetu ni Des Pascoe, lakini Jumanne ile hakukaa. Alikuwa ametoka kuongea kwa simu na hospitali ya Sydney, alikolazwa mjukuu wake wa kiume, Darcy, wa miezi saba, moyo umelegea. Binti yake Leanne, mama wa mtoto, alimtaka mama yake aende, na Nola, mke wa Des, alikuwa amekataa. Basi la Sydney lingeondoka saa sita mchana.

– Anakataaje kumwona mjukuu? akauliza Singa.

– Si unajua, Des akajibu. Kazika wanawe wawili wa kiume kwa moyo huohuo. Anasema mtoto asiguswe na yeye.

– Mimi nilisema zamani, Singa akasema, ni lile tangi lenu la maji ya mvua. Bati lina sumu.

– Tangi gani! Mwendokasi akadakia. Leanne si aliyanywa maji hayohayo? Ni dawa ya kuogeshea kondoo. Des alikuwa anarudi nyumbani ananuka.

– We nawe, sote tulinuka! Basi ni nguzo ya simu pale nyuma ya nyumba yao. Waya unanyonya nguvu za mtoto amelala.

– Nyamazeni, Des akasema. Madaktari wameshapata chanzo. Ni mafuta.

– Mafuta? Si achemshiwe supu ya kondoo, yenye mafuta mazito!

– Si ya kula, Mwendokasi. Kila chembe ya msuli wa moyo ina injini ndogondogo. Ndani ya injini kuna utando umekunjwakunjwa, na utando wenyewe ni mafuta. Kuna aina moja, kardiolipini, ndiyo inayoshikilia ile mikunjo. Ya Darcy inaundwa vibaya. Mikunjo inalegea, injini haitoi nguvu, moyo unatanuka, unachoka.

– Tangu tumboni?

– Tangu tumboni. Inapitia kwa mama, hata asiyeugua, inawashika wavulana. Ndiyo maana Leanne alisalimika.

– Kwa hiyo bado ni Nola, Singa akasema polepole.

– Ni Nola kama alivyompa Leanne macho ya kijani. Hakuchagua. Lakini maziwa yake hayakuwa na kosa lolote. Yale makopo ya maziwa ya unga mlangoni hayakuhitajika.

Hapo sote tukaangalia vikombe vyetu. Mtoto wa pili alipozikwa, miaka arobaini iliyopita, Mulgarra nzima iliamua kwamba maziwa ya kifua ya Nola ni mepesi, na ndiyo yaliyowaua wanawe. Hakuna aliyemwambia usoni. Kwetu huku mambo mazito hatuyasemi, tunaacha kitu mlangoni. Kila nyumba ikapeleka kopo la maziwa ya unga, tukajiona watu wema. Leanne alipozaliwa, Nola hakumnyonyesha hata siku moja. Msichana akakua salama, nasi tukasema, mmeona? Naona aibu kuyaeleza haya.

Nesi mpya wa zahanati, Tamsin, hana hata mwezi mjini, alikuwa amesimama karibu akingoja pai yake ya nyama.

– Samahani, wazee wangu. Hayo makopo aliyaweka nani?

Singa akapapasa kipara. Mwendokasi akafunua kikombe kilichokwisha, akakifunika tena. Kopo la kwetu nililipeleka mimi kwa gari, nikalitua taratibu ili mbwa asibweke.

– Na mama mwenyewe hajui ni nani? akauliza tena.

– Anajua, Des akasema. Alikuwa nyuma ya pazia. Vibanio vya nguo mpaka leo anaviweka kwenye kopo la huyu.

Alininyooshea kidole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikaacha kahawa yangu kwenye benchi, nikasimama.

– Twende kwako, Des, basi bado halijaondoka, nikamwambia. Safari hii nitapiga hodi.