Cheti Ndani ya Koti

Benchi letu lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, pale kwenye kona, kati ya kinyozi na fundi cherehani. Siku hizi wamejenga duka la simu lenye vioo vitupu, na ukisimama nje mlinzi anakuuliza unamsubiri nani. Enzi zile hakuna aliyekuuliza. Ulisogezewa nafasi, ukapewa kikombe, ukaingia kwenye ubishi hata kama hukujua umeanzia wapi. Mimi nilikuwa nashona viatu papo hapo, chini ya ukingo wa paa. Kinyozi tulimwita Wembe. Alikuwa anatoka nje kubishana nasi, mteja kamwacha kichwa nusu. Redio alikuwa mstaafu wa reli, na jina alilipata kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzimia. Kahawa ilikuwa ya Bi Birika, aliyetuzidi akili sote ila alituficha hilo kwa kutuonea huruma. Na mwenye cherehani alikuwa Sindano. Habari hii ni yake.

Sindano alivuka mpaka wa nchi ndevu zake hazijaota, akimfuata mjomba aliyemwahidi kazi. Mjomba akafariki, kazi ikabaki. Akaoa hapa, akazaa hapa, akashona sare za nusu ya watoto wa mtaa. Ila hakuwa na karatasi ya kumruhusu kutoka na kurudi. Mama yake, kila alipoazima simu ya jirani kumsalimu, alimaliza kwa neno lile lile: "Usije kuniona mara moja ukawaacha wajukuu zangu yatima. Pata kwanza karatasi ya kukurudisha kwao." Basi akaomba uraia. Akasubiri mpaka tukazoea kutomuuliza. Hatimaye akala kiapo, akapewa cheti, na jioni moja akaja benchini anatabasamu peke yake.

— Kesho naenda kuomba pasipoti, — akasema. — Wanataka kukiona cheti chenyewe, nakala peke yake haitoshi.

— Na cheti umekiweka wapi? — Wembe akauliza, wembe mkononi.

— Pazuri.

— Pazuri ndiyo wapi? Chini ya godoro? Kwenye godoro ndiko mwizi anakoanzia, bwana.

— Angenisikiliza mimi, — Redio akadakia, — angekitia kwenye debe, akafukia nyuma ya nyumba. Wahenga walisema, akiba haiozi.

— Karatasi haiozi ardhini? Wee Redio!

— Wahenga hawakubagua karatasi.

— Acha hizo, — Wembe akasema. — Mimi ningekitia fremu, nikakitundika sebuleni, kila anayebisha hodi aanze kukiona hicho. Mficha uchi hazai!

— Cheti cha uraia ndiyo uchi?

— Uchi ni kitu chako. Cheti si chake?

Bi Birika alikuwa anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

— Mwanangu wa pili alikipeleka cheti chake cha kuzaliwa kikafunikwa plastiki ya moto, kisichakae. Kufika ofisini wakamwambia muhuri haupapasiki, hawajui kama ni wa kweli. Ilibidi aanze upya.

— Umeona? — Redio akasema. — Ndiyo maana nasema debe. Tena madebe mawili, moja la uongo. Mwizi akichimba anakuta debe la uongo, anakata tamaa, anaokoka, anakuwa mtu mwema.

Tulicheka mpaka mteja wa Wembe akatoa kichwa mlangoni kuuliza kama atamaliziwa leo. Sindano naye alicheka, akapiga kifua.

— Mimi ni fundi, jamani. Nimekishona ndani ya koti langu la suti, kati ya kitambaa na bitana. Mshono hauonekani. Hata mke wangu hajui.

Wembe akampa mkono. Redio alikiri kwamba wazo hilo lilikaribia lake. Tulikuwa bado tunamsifu, mara mke wa Sindano akatokea, anatoka kazini na mfuko begani.

— Shemeji karibu kahawa, — nikasema.

— Asante shemeji, napita tu. — Akamgeukia mumewe. — Baba watoto, usihangaike na nguo ya kesho. Uende ofisini kwa watu unang'aa. Lile koti lako la suti nimempa dobi asubuhi.

Sindano alisimama taratibu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusimamia, kisha akakimbia. Tukamfuata. Mimi na kiatu cha mtu mkononi, Wembe na wembe wake, Redio nyuma anahema na bado anaongea, Bi Birika nyuma yetu, na shemeji anauliza kuna nini jamani, kuna nini.

Dobi alikuwa kwake mwisho wa mtaa, mikono ina povu hadi viwikoni.

— Koti langu! — Sindano akasema. — La buluu!

— Liko kwenye beseni hapo. Nimeanza na mikono, ilikuwa na mafuta ya cherehani. Kwani vipi?

Sindano alilinyanyua. Mkono mmoja ulikuwa unachuruzika, na maji yalikuwa yameanza kupanda kuelekea kifuani. Vidole vyake, vinavyotunga uzi hata umeme ukikatika, vilishindwa kuukamata mshono wake mwenyewe. Wembe akamshika mkono.

— Lete, kaka. Hii ni kazi ya wembe.

Akaufumua mshono taratibu, namna asivyowahi kumnyoa mtu yeyote. Cheti kikatoka. Kona moja ilikuwa imelowa, lakini jina, namba na muhuri vilikuwa salama.

— Nikipitishie pasi? — dobi akauliza kwa nia njema.

— Usithubutu! — tukapiga kelele wote.

Tukakilaza juu ya shuka safi la dobi. Tukakizunguka, hakuna aliyethubutu kukipumulia. Ndipo shemeji alipoelewa. Akakaa chini kando ya beseni, akajifunika uso.

— Ningekuwa nimeifua safari yako ya kwenda kwa mama, — akasema.

— Kosa langu, — Sindano akajibu. — Nilikuficha hata wewe.

Akamkalisha vizuri, wakakaa pale wawili wakikisubiri kikauke.

Kesho yake alirudi na habari. Afisa alikiinua cheti kwenye mwanga wa taa, akaipapasa ile kona iliyokunjamana, akauliza, "Hiki kililia?" Sindano akamweleza ukweli wote, mpaka debe la uongo. Yule mama afisa akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia kwa upole: "Fundi, pasipoti ikipotea, tunatazama cheti ndipo tunakupa nyingine. Cheti kikipotea utahangaika sana. Toa nakala, zigongwe muhuri. Usikae na pasipoti na cheti mahali pamoja. Na mke wako ajue kilipo."

— Nilisema mimi, mahali pawili, — Redio akasema. — Madebe mawili.

Pasipoti ilitoka. Siku aliyoileta, Bi Birika alitutaka tunawe mikono kwanza. Ikapita kwa kila mmoja wetu. Wembe aliinusa. Redio alihesabu kurasa tupu, akasema hizo ni nchi zinazomsubiri. Mimi nilitazama picha tu: Sindano amekaza uso, nywele zimeanza mvi masikioni.

Kwenye kiti cha Wembe alikuwa amekaa mwalimu mgeni, aliyehamia mtaani wiki ile. Alikuwa ameachwa kichwa nusu kama kawaida, akatoka na shuka shingoni kusikiliza. Akaelezwa yote. Akaitazama ile picha, akauliza:

— Ulitoka huna ndevu. Mama atakujuaje?

Wembe alianza, "Damu nzito kuliko..." Sindano aliipokea pasipoti yake, akaifunga.

Akasafiri. Benchi likawa kimya, kana kwamba cherehani yake ndiyo iliyokuwa inatupa mwendo wa kuongea. Aliporudi alikuwa amekonda kidogo na sauti imeshuka. Alikunywa kahawa yake yote kwanza.

— Hakunijua, — akasema. — Macho yamepungua nguvu, na sikumwambia kwamba naja. Alinikaribisha kama mgeni, akanipa kiti, akaniuliza nimetoka mbali. Nikasema ndiyo. Nilitaka kumwambia, nikaahirisha. Tukakaa. Baadaye akaniuliza, "Baba, na wewe mama yako yupo?" Nikasema yupo. Akasema, "Basi usikae kwangu. Nenda kamwone."

Bi Birika aliiweka birika chini.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia, "Ndiyo nimefika, mama." Akanipapasa uso, polepole, ndevu zote hizi. Kisha akaniita jina langu la utotoni.

— Jina gani? — Wembe akauliza.

Sindano alicheka, huku anajifuta macho kwa kiganja.

— Hilo siwapi. Hata kwenye pasipoti halimo.