Kocha Lyle Penner na Wanaume Wake wa Miaka Miwili

Ndugu waombolezaji, majirani wa Sandrock, na ninyi wanaume wa timu mliosafiri usiku kucha kutoka majimbo ya mbali, familia ya Penner inawasalimu kwa huzuni na kwa shukrani, historia hii imeandikwa na Janelle, binti wa marehemu, na inasomwa na mimi Orville, kaka wa marehemu. Imeandikwa ili mjue jinsi Lyle alivyoishi, na tuseme wazi, ili mjue pia jinsi alivyoanguka, kwa maana tangu Jumanne kuna maneno yanasemwa mjini juu ya mkwewe Kelvonte, na familia inaogopa kwamba maneno hayo yakiachwa yatembee hivi hivi yatatuulia mtu wa pili.

Marehemu Lyle Edwin Penner alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 shambani kwa wazazi wake, kaskazini mwa mji huu wa Sandrock, Kansas, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Edwin na marehemu Mama Hulda, theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga hakufika, akapokelewa na baba yake aliyetoka kukamua ng'ombe, na Mama Hulda alisema hadi uzeeni kwamba huyu alitoka analia kama mtu aliyechelewa mazoezi. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Wamenoni mwaka 1975.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa Sandrock, akahitimu Mei 1979, akajiunga na chuo kikuu kwa ufadhili wa mpira, ule wetu wa helmeti na mabega ya plastiki, goti likavunjika mwaka wa pili, hakucheza tena, na shahada ya ualimu wa historia aliipata mwaka 1983 akitembelea fimbo. Wengi mmesikia akisema goti lile lilikuwa bahati, Rhonda mkewe anasema alilisema hilo mchana tu, usiku alilikanda kimya kimya.

Alifundisha sekondari kuanzia 1983, na tarehe 1 Agosti 1989 akaajiriwa kuwa kocha msaidizi katika Chuo cha Miaka Miwili cha Sandrock, akawa kocha mkuu mwaka 1996, na hapo ndipo alipokaa hadi mwisho, miaka thelathini na minne kwa jumla. Mnaojua kazi ile mnajua haina sifa, wanaume wanaokuja kwetu ni wale ambao vyuo vikubwa vimewakataa kwa sababu ya alama za darasani, au kwa sababu ya polisi, au kwa sababu mtu wa kuwasemea hakuwepo, wanakaa miaka miwili, na ukiwafundisha vizuri wanaondoka mapema zaidi, kwa hiyo kila Desemba kocha anavunja mwenyewe timu aliyoijenga. Marehemu alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari, akaendesha basi, akafua jezi usiku na kuzianika kwenye ukumbi wa Rhonda hata wageni wakawa wanainama kupita chini ya namba, na kila Sikukuu ya Shukrani wale wasio na nauli ya kwenda kwao walikula kwake bata mzinga watatu na mikate ya nyama na kabichi, na mwaka mmoja mwanamume mmoja mkubwa kutoka Alabama alimuuliza Rhonda, "Mama Kocha, hii mikate kuna sheria ya ngapi kwa mtu?" naye akajibu, "Sheria ni kwamba Kocha anapata inayobaki," na Kocha hakupata hata mmoja.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Rhonda Koehn mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa watoto wawili, Garrett mwaka 1990, na baada ya miaka ambayo walikuwa wameshakata tamaa, Janelle mwaka 2001. Janelle alikulia kando ya uwanja, alijifunza kutembea kwa kushika kamba ya kupimia mistari, na ndiyo sababu hakuna aliyeshangaa sana alipopendana na mmoja wa wachezaji wa baba yake.

Kelvonte Gaines alifika Januari 2018 kwa basi kutoka Belle Glade, Florida, na mfuko wa plastiki na ndala miguuni, theluji ikiwa inafika kwenye vifundo, na marehemu akamuuliza pale stendi, "Viatu viko wapi?" Kelvonte akajibu, "Hivi hapa, Kocha, vingine vilibaki kwenye ndoto." Marehemu alicheka hadi akashika mlango wa gari. Alimfundisha miaka miwili, akampeleka chuo kikuu, Kelvonte akamaliza masomo, na badala ya kwenda kutafuta ukubwa alirudi Sandrock, akamwoa Janelle Juni 2022 na kuwa kocha msaidizi mwezi wa nane mwaka huo huo. Marehemu alizoea kumtania mbele ya watu, "Nilimwambia aje achukue mpira, yeye akachukua binti," na Kelvonte alimjibu, "Mpira nilikuwa nao tayari, Kocha." Hakuwahi kumwita baba, aliendelea kumwita Kocha hata mezani, na mjukuu Odessa alipozaliwa tarehe 2 Juni mwaka huu, marehemu alikuwa wa kwanza kumpokea kutoka mikononi mwa Kelvonte, wa pili hakutokea kwa sababu hakumwachia mtu.

Marehemu alianza kuumwa kifua mwezi Machi mwaka huu, akaita kiungulia, akatafuna vidonge vya tumbo kama karanga, hadi Agosti Rhonda alipompeleka kwa nguvu Wichita, ambako daktari wa moyo aliona mishipa imeziba na akataka aizibue wiki ile ile. Marehemu alikataa, akasema Desemba, wanaume wakishatia saini kwenye vyuo vikubwa. Janelle alimlilia jikoni, mtoto akiwa begani, akamwambia, "Baba, nenda, nakuomba, nenda kesho," na yeye akasema, "Niende wapi, binti, nina watu kumi na mmoja mwaka huu hawana pa kwenda, nikilala mimi nani atawapigia simu vyuoni?" Akamwambia, "Na Odessa je?" Akasema, "Odessa ana bibi, mama, baba na mjomba. Wale wana mimi." Mlango ukafungwa, na ndivyo ilivyokuwa, hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumshinda Lyle kwa maneno, wala kwa machozi, tulijaribu vyote.

Sasa tunafika Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023. Saa tisa na dakika arobaini alasiri timu ilikuwa uwanjani, wageni wawili kutoka vyuo vikubwa wamesimama kwenye uzio kuwatazama wachezaji wetu, na Janelle upande wa pili na mtoto kwenye gari lake la kusukuma, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri kwa sababu si wote mmewahi kusimama kwenye mazoezi. Ilikuwako desturi uwanjani pale, marehemu mwenyewe aliiweka mwaka 1996, kwamba mtu akianguka, anayemwendea ni mtabibu wa timu peke yake, kocha msaidizi anapaza sauti "Sogezeni zoezi!" na wote wanasogea yadi kumi, wanampa mgongo, wanaendelea, na hakuna kuangalia nyuma. Alikuwa akisema ukimtazama aliyelala utaogopa, na ukiogopa wewe ndiye utakayefuata. Walioumia goti walisogezewa zoezi, walioumia bega walisogezewa zoezi, na Kelvonte mwenyewe alilala pale mwaka 2019 kifundo kimegeuka, akasikia timu nzima ikisogea na kumwacha, na alimwambia Janelle baadaye kwamba alijisikia mwepesi kwa sababu hakuna aliyemwona akilia.

Marehemu alipiga goti, akalala ubavu. Kelvonte alimwona, akapiga hatua kumwendea, na marehemu, waliokuwepo wote wameona, aliinua mkono na kuupunga kuelekea mbele, ile ishara yake ya siku zote. Kelvonte alisimama. Kisha akapaza sauti, "Sogezeni zoezi!" na wanaume sabini wakasogea wakampa mgongo kocha wao, wakaendelea kugongana helmeti, na mtabibu alikuwa ndani akimfunga mtu bandeji. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo tulivyofanya.

Lango la upande wa Janelle lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, akazunguka uzio wote akikimbia na mtoto mkononi, akamkuta rangi imekuwa ya jivu, akamwinamia, na marehemu akasema, "Usiite mtu, wageni wanatazama." Janelle aliita. Hospitali yetu imefungwa miaka miwili sasa, gari la wagonjwa lilitoka wilaya jirani, Janelle alikaa kwenye majani anaita jina lake, mtoto analia, na kilio cha mtoto ndicho kilichomfanya Kelvonte ageuke. Alikuja mbio akamkandamiza kifua hadi gari lilipofika, hakumwachia mtu, walimtoa kwa kumshika mikono. Marehemu alifariki njiani saa kumi na moja na dakika tano jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili na miezi saba.

Daktari wa hospitali ya wilaya jirani aliulizwa na Rhonda kama zile dakika zingebadilisha lolote, akasema hajui. Tunamshukuru kwa kutotudanganya, ingawa Mungu anajua tulitamani atudanganye.

Lakini kwenye mgahawa na kituo cha mafuta watu wanajua, wanasema yule mtu wa kuja alimpa mgongo mzee, na mmoja alimwambia Janelle dukani, mbele ya rafu ya maziwa, "Pole, mwanangu, na bado unalala naye?" Aliyesema hayo yuko humu ndani na tunamkaribisha. Tunachoomba ni kwamba mkitaka kumlaumu mtu, mlaumuni kwanza aliye ndani ya jeneza, aliyeweka desturi, aliyepunga mkono, aliyesema Desemba, kisha mwambieni Janelle mkishamlaumu mnajisikiaje, kwa sababu yeye amejaribu na hajui aweke wapi hasira yake, kila anapoiweka inamrudia.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mkwe, mjukuu mmoja, na wanaume ambao familia haijui idadi yao.

Tunawashukuru daktari wa Wichita na wahudumu wa gari la wagonjwa, majirani mlioleta vyakula hadi friji likakataa kufungwa, uongozi na wafanyakazi wa chuo, Mchungaji na kwaya, na wale wageni wawili wa vyuo vikubwa, waliokaa nasi hospitalini hadi usiku na wakachukua wachezaji watatu.

Jeneza litabebwa na wanaume sita. Watano mnawaona hapa mbele. Wa sita ni Kelvonte, yuko kwenye gari nyuma ya kanisa tangu saa mbili asubuhi, suti ameivaa, milango ameifunga kwa ndani, tangu Jumanne hajala wala hajalala, Janelle amemwendea mara nyingi na hafungui, na anaogopa kurudi akakuta gari halipo. Msiende kumwambia hana kosa, ameambiwa, hasikii. Lakini ninyi wanaume mliopita mikononi mwa Lyle, mliowahi kulala kwenye majani yale, tunawashukuru mapema mkitoka sasa hivi mkasimama tu kuzunguka lile gari, mkimtazama, mpaka afungue. Mchungaji amekubali tusubiri.

Lala, Lyle. Upumzike kwa amani hapo hapo ulipo, ndugu yetu, hatutakuinua bila yeye.