Joho Alilolivua Dada Apolonia

Mchungaji, ndugu, majirani na wenzake wa kazini, kwa ruhusa ya shemeji yetu Sadock nasimama mimi Modestus, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu Apolonia, na kwa agizo lake mwenyewe sitaruka mwaka hata mmoja.

Apolonia alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Rombo, Kilimanjaro, akaanza darasa la kwanza mwaka 1969, akamaliza kidato cha nne 1979, akapata stashahada ya uuguzi Moshi mwaka 1983. Alifunga ndoa na Sadock tarehe 8 Agosti 1987, wakajaliwa mabinti wawili, Tania na Natalia. Mwaka 1992 walihamia huku Marekani, Fort Worth, Texas, akawa anatunza wazee mchana na kusomea mtihani wa leseni jioni, akaufaulu 1994, wakahamia Pearland akaajiriwa katika hospitali moja ya Houston.

Februari 1997 aliumia mgongo akimnyanyua mgonjwa, akaandikiwa dawa za maumivu, dawa zikaisha na hamu isiishe, akaanza kujichoma sindano kwa dawa inayobaki baada ya mgonjwa kuhudumiwa, ambayo kwa utaratibu humwagwa mbele ya shahidi. Siku za mwizi ni arobaini, mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema, na tarehe 3 Novemba 1998 alibainika, leseni ikasimamishwa.

Aliingia nyumba ya tiba Fort Worth, alipotoka akabaki huko akifunga maboksi ghalani, na kila asubuhi, kama sharti la kurudishiwa leseni, akipiga simu kuuliza kama ni zamu yake kupimwa mkojo, hakukosa hata siku moja. Sisi huku Houston, kwa aibu, tukatangaza kwamba dada amekwenda kusomea shahada. Uongo huo niliutunga mimi.

Leseni iliporudishwa kwa masharti, Juni 2001, jumuiya yetu ikamwandalia mahafali ukumbini Stafford, kukawa na pilau, keki yenye umbo la kofia, na joho jeusi ambalo Mama Prudensia alilishona kwa mkono wake. Tulimsihi avumilie saa mbili tu, yaishe. Alilivaa, akasimama mbele ya watu wote, akalivua, akalikunja vizuri, akasema, “Shahada sina. Nilikuwa naiba dawa za wagonjwa. Sasa nina miezi thelathini na moja sijagusa, na mwenye shida kama yangu anitafute.” Mimi nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Mama Prudensia akasema pilau linapoa, jamani, tuleni.

Walimtafuta, tena wengi. Masharti yake yalipoondolewa Mei 2003, alikuwa tayari anawasindikiza wauguzi waliositishiwa leseni, akikaa nao kwenye vikao vya kurudishiwa leseni, akiwapigia simu alfajiri wasisahau kipimo, na kila aliyetimiza mwaka bila kugusa alivalishwa joho lile jikoni kwake Pearland.

Septemba 2007 aligundulika na saratani ya kongosho. Aliiogopa dawa ya maumivu kuliko kifo, wala hakuficha, akaipokea kwa kipimo cha daktari, ufunguo wa kasha la dawa akiushika jirani yake Josiane. Alifariki nyumbani tarehe 22 Februari 2008, saa nne asubuhi, na dawa iliyobaki ikamwagwa mbele ya mashahidi wawili, kama alivyotaka.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, hasa Josiane, wenzake wa kazini waliompokea tena, na Mama Prudensia. Tunawashukuru pia wauguzi tisa, majina yao hatuyataji, ambao asubuhi ya leo wamemvalisha joho lile kwa mikono yao.

Dada, safari hii hakuna aliyedanganya. Pumzika kwa amani.