Bi Huguette Anastaafu, Barua Inabaki

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi Huguette Brisebois atakuwa ametimiza miaka ishirini na nane na miezi kumi akiwa mkurugenzi wa La Mitaine, kituo chetu cha sanaa za video na sauti kwa lugha ya Kifaransa hapa Sudbury. Yeye mwenyewe husema ishirini na tisa. Tumeshamzoea; kwake hata filamu ya dakika hamsini na mbili ni ya saa nzima. Siku hiyo atakabidhi funguo kwa Bi Nadège Toussaint, aliyetujia kutoka Montreal, kisha ataanza maisha ya ustaafu ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeamini kwamba atayaweza.

Kamati ya uongozi imeniomba mimi, Rhéal Quenneville, fundi wa vifaa, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliambiwa niandike kwa kifupi na nichekeshe kidogo. Nitajitahidi. Lakini katika faili la utumishi la Bi Huguette kuna barua moja ya onyo, ya mwaka 2011, na kosa lililoandikwa humo si lake. Mwenye kosa namjua vizuri sana. Sitaki mama huyu aondoke na doa hilo, kwa hiyo mnisamehe nikizidisha nafasi niliyopewa.

Tuanze na yaliyo mepesi. Bi Huguette alizaliwa Hearst, binti wa mpasua mbao, akaja Sudbury kusoma, kisha akafanya kazi redioni miaka tisa akiandaa kipindi cha asubuhi. Hadi leo huwezi kumkuta kitandani saa kumi na moja alfajiri. Septemba 1996 alikabidhiwa La Mitaine, ambayo wakati huo ilikuwa vyumba viwili ndani ya lililokuwa duka la glavu, yenye kamera moja na mashine moja ya kuhariri iliyofanya kazi baada ya kupigwa kofi. Siku ya kwanza aliuliza ofisi yake iko wapi. Akaambiwa kwamba amesimama ndani yake.

Kuazima kamera kwake kulikuwa rahisi, ila kuirudisha ndiko kulikokuwa na mtihani. Ilibidi ukae chini umweleze ulichopiga. Gaëtan Rainville, mchimbaji wa nikeli, aliazima kamera kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alipoirudisha, Bi Huguette aliutazama mkanda wote, wa saa tatu.

“Gaëtan, hapa kuna dakika arobaini za mbwa.”

“Mama, kwenye ile harusi mbwa ndiye pekee aliyekuwa ametulia.”

Mtu mwingine angecheka na kumwachia aende. Bi Huguette alimkalisha Gaëtan kwenye mashine ya kuhariri majira yote ya baridi, na filamu ya mbwa harusini ikaonyeshwa katika tamasha huko Rimouski. Gaëtan leo ana filamu saba. Bado anachimba nikeli, na bado haamini.

Ndivyo alivyotujenga sote, kwa ubishi. Chini yake tumerekodi sauti za wazee mia nne na kumi na mbili wa kaskazini mwa Ontario, tumewakaribisha wasanii kutoka Moncton mpaka Vancouver, na tumehama kutoka duka la glavu hadi jengo lenye madirisha yanayofunguka. Kila Ijumaa hupika supu ya njegere, na kila Ijumaa hutuuliza kama chumvi imetosha. Haijawahi kutosha. Hatujawahi kumwambia.

Sasa nije kwenye ile barua, nayo ilianzia kwenye kiti. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa tabia yetu. Tunakaa watu kumi mezani tunaongea Kifaransa chetu kwa raha zetu. Anaingia mmoja wa Kiingereza, na kabla hajavua koti sote tumeshageuka, tunaongea Kiingereza. Hakuna aliyetuomba. Mama zetu walituambia hiyo ndiyo adabu, tukakua nayo. Bi Huguette aliiita ugonjwa. “Mgeni hajakuomba ubadilike,” alikuwa akisema. “Umejibadilisha mwenyewe, halafu utarudi nyumbani kulalamika.” Wiki yake ya kwanza tu aliweka kiti mwishoni mwa meza ya mikutano. Mgeni asiyejua Kifaransa anakaa hapo, na mwenzetu mmoja anakaa karibu naye akimnong'oneza tafsiri, mkutano ukiendelea kama kawaida. Mnong'onezaji nilikuwa mimi mara nyingi, kwa sababu, alisema, nina sauti ya chini na sina maoni.

Januari 2011 boila ya kupasha jengo joto ilikufa. Tulihariri filamu tukiwa na makoti na kofia. Wakati huohuo kituo kimoja kikubwa cha sanaa cha lugha ya Kiingereza kilituletea ombi: tuungane nao. Walikuwa na jengo jipya, lifti, ukumbi wa viti mia mbili, na joto. Sisi wa Kifaransa tungepewa siku zetu mbili kwa wiki. Wanachama waligawanyika katikati, na ndugu waliokuwa wakila pamoja wakaanza kununiana. Uamuzi ukaachiwa mkutano mkuu wa tarehe 19 Februari. La Mitaine ingeishi au ingekufa siku hiyo, hilo kila mmoja alilijua.

Tulihudhuria wanachama thelathini na wanne. Upande wa pili ulimtuma mwenyekiti wao, Bwana Douglas Pruitt, mtu mwema kweli, aliyekuja na maboksi mawili ya donati. Nikamkalisha kwenye kiti cha mgeni. Dakika tano baadaye Bi Huguette akaitwa kwenye simu na fundi wa boila. Alipokuwa akitoka aliinama akaniambia sikioni: “Rhéal, washikilie hapohapo kwenye Kifaransa. Usiwaache wateleze.”

Nikaanza kunong'ona. Bwana Douglas akaweka kiganja sikioni. Nikarudia. Akainama zaidi. Maskini, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini karibu na mashine za kutoboa miamba, na masikio yalikuwa yamebaki mgodini. Watu wakaanza kutugeukia. Akawa mwekundu, akaniomba radhi mimi! Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikafanya kile nilicholelewa kukifanya: nikasimama na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, “Jamani, mgeni hasikii. Tuongee wote tuelewane.”

Basi, kwisha. Haikupita dakika, ukumbi mzima ukawa Kiingereza kitupu. Bi Huguette alirudi baada ya dakika ishirini, akasimama mlangoni, akatusikiliza. Angeweza kutufokea mbele ya mgeni, hakufanya hivyo. Kuna mtu alimuuliza swali, naye akalijibu kwa Kiingereza. Tulijadili saa tatu kama kituo cha Kifaransa kiendelee kuwepo, na waliokitetea kwa machozi walikitetea kwa Kiingereza safi kabisa. Nikiwemo mimi.

Kura za kuungana zilikuwa kumi na saba. Za kukataa, kumi na sita. Wa thelathini na nne hakunyoosha mkono mara zote mbili. Huyo alikuwa Bibi Aurore Gratton, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyetukabidhi mikanda arobaini ya filamu aliyopiga marehemu mumewe. Kiingereza chake kilimtosha dukani tu. Alikaa saa zote tatu na mkoba mapajani. Nilipokuwa nikimsaidia kuvaa buti mlangoni, akaniuliza polepole, “Rhéal, mwanangu, wameamua nini?”

Nilimfunga zipu, nikamwambia. Akanipigapiga begani kana kwamba msiba ni wangu, akatoka kwenye theluji.

Jumatatu Bi Huguette aliniita. Mbele yake palikuwa na karatasi nyeupe. “Naandika kumbukumbu za mkutano,” akasema, “na sina hata sentensi moja. Hakuna aliyesema kitu kwa Kifaransa. Niandike nini?” Akafungua katiba ya kituo, ibara ya nne, inayosema mikutano yote itaendeshwa kwa Kifaransa, na mchana huo akawaandikia wanachama kwamba mkutano ule ni batili na utarudiwa.

Weee! Simu zilizolia wiki ile! Walioshinda walimwambia kinagaubaga: “Umeshindwa, sasa unatafuta kisingizio!” Kamati ikataka kujua ni nani aliyevunja katiba, na wote walikuwa wameniona nimesimama. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja unaoisha Machi, na mapacha wa miezi minne nyumbani. Bi Huguette akaandika kwa kamati mistari miwili. Alisema Rhéal alifanya kama alivyoagizwa. Eti kabla ya kutoka kwenda kwenye simu, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nigeuze mkutano kuwa wa Kiingereza kama mgeni hasikii.

Nilikimbilia ofisini kwake. Nikamwambia sikubali, naenda kusema ukweli.

“Kaa chini,” akasema. “Wewe wakikufukuza, hurudi tena. Mimi wakinionya, nitanuna wiki moja. Na ukisema, utakuwa umenifanya mwongo mbele ya kamati. Nenda katengeneze hedifoni, mgeni atazihitaji.”

Nikanyamaza. Barua ya onyo ikaja na kuwekwa kwenye faili lake: mkurugenzi alivunja katiba ya kituo kwa makusudi. Na ndiyo, alinuna wiki moja kamili.

Mkutano ulirudiwa tarehe 26 Machi. Safari hii niliketi kwenye chumba cha kuhariri, nyuma ya kioo, na kipaza sauti mdomoni, nikitafsiri kila neno. Bwana Douglas alivaa hedifoni, akaongeza sauti mwenyewe kadiri alivyotaka, akaniinulia dole gumba. Kisha Bibi Aurore akasimama, akaongea dakika kumi na moja. “Mume wangu aliwapiga picha watu wetu miaka thelathini,” alisema. “Kwenye ile mikanda hakuna sauti, ila mimi nakaa hapa na hawa vijana, nawaambia huyu ni nani na alikuwa anasema nini. Mkinipeleka kule, nitamwambia nani?” Sauti yangu ilikwama kwenye kipaza sauti. Bwana Douglas alijua mtafsiri amekwama kwa nini. Alivua miwani akaifuta.

Kura ishirini na saba zilikataa kuungana, saba zilikubali. Bwana Douglas alimpa Bi Huguette mkono na kumwambia laiti angeambiwa maneno yale mara ya kwanza. “Mara ya kwanza tulikuwa na adabu mno, Bwana Douglas,” akajibu. Wakacheka wote wawili. Kituo chake sasa huazima hedifoni zetu, na donati bado zinakuja.

Kituo kikapona. Barua ikabaki. Mwaka 2016 Bi Huguette alipendekezwa kuongoza umoja wa vituo vya sanaa vya Kifaransa nchini, kazi aliyoitamani kuliko zote. Najua, kwa sababu alinunua hadi suti. Waliomba faili lake, wakaisoma barua, wakamchukua mwingine. Alirudi Ijumaa, akapika supu, akatuuliza kama chumvi imetosha. Niliinama kwenye bakuli langu nikasema imetosha. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Jumanne tarehe 3 Juni mwaka huu nilikwenda mbele ya kamati nikaeleza yote niliyoyaeleza hapa. Wakaniuliza kama nina ushahidi. Nikawaambia ushahidi ni mapacha wangu, wana miaka kumi na minne, wamekula na kuvaa kwa sababu ya uwongo ule. Kamati ilijadiliana saa nzima. Barua imeondolewa kwenye faili la Bi Huguette. Imeandikwa upya kwa jina langu, na iko kwenye faili langu, kwa hiyo Bi Nadège ataanza kazi tarehe mosi Julai akiwa na fundi mwenye onyo. Karibu sana, bosi.

Programu hii haikupitia kwa Bi Huguette kusahihishwa. Anaisoma sasa hivi pamoja nanyi, na kama namjua, ameshavua miwani na ananitafuta kwa macho.

Niko hapa nyuma, karibu na mlango, Bi Huguette. Asante kwa kazi yangu, asante kwa watoto wangu, asante kwa kituo hiki. Nimekufanya mwongo mbele ya kamati, nisamehe. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi ya kufanya upendavyo. Wale wa umoja wa vituo nao nimewaandikia. Wamejibu kwamba wanasikitika, na kwamba kama si ile barua, mwaka 2016 wangekuchagua wewe bila kupingwa.